Habari moja, meza nne: namna ya kuitoa stori ya Kigoma nje ya Kigoma

Mwaka 2021, Ziwa Tanganyika lilipojaa mpaka likapanda nchi kavu, nilishuka mwalo wa Kibirizi na kinasa sauti changu. Vichanja vya kuanikia dagaa vilikuwa vimezama nusu. Akina mama walipita na mabeseni kichwani, maji magotini, na kibanda cha mama lishe mmoja kilibaki paa na kamba ya kuanikia khanga. Nikapiga picha, nikarekodi, nikaandika aya nane, nikatuma Dar es Salaam kabla ya saa nane mchana.

Mhariri akanipigia. "Dada, habari nzuri sana hii. Kiongozi gani alikuwepo?"

Hakuwepo.

"Basi subiri akifika, halafu utume."

Jioni ile nikaongea na watu watatu wengine. Mtayarishaji wa redio moja ya Ulaya akauliza kama nina mtaalamu wa tabianchi. Mwenzangu wa Bujumbura akataka kujua maji yamefika wapi upande wetu, maana kwao nako yalikuwa yanaingia majumbani. Rafiki wa Kalemie, ng'ambo ya Congo, akauliza jambo moja tu: boti za mizigo zinashushia wapi sasa? Maji yale yale, na kila mmoja alikuwa na haki ya kuuliza alichouliza.

Nina miaka 19 katika ukorespondenti hapa Kigoma. Wadogo zangu wanaoanza kazi huja kunilalamikia kwamba stori zao zinatupwa. Nawaambia stori haijatupwa, imepelekwa meza, yaani chumba cha habari, isiyo yake, au imeingia kwa mlango wa nyuma. Haya ndiyo ninayowaonyesha.

Anza kwa kuuliza: nani hajui?

Mimi ni wa Ujiji, nimekulia karibu na ile miembe ya makumbusho ya Livingstone. Kila mtoto wa Ujiji anaijua hadithi: mwaka 1871 Stanley alifika na bendera ya Marekani mbele ya msafara, akamkuta mzee wa Kiskoti aliyekuwa "amepotea". Kitu ambacho hatukufundishwa shuleni ni kwamba Stanley alikuwa mwandishi wa habari kama mimi, ametumwa na gazeti la New York Herald, na safari nzima ililipiwa na chumba cha habari.

Sasa jiulize, alipotea kwa nani? Watu wa Ujiji walikuwa wanamwona. Walimuuzia chakula, walijua anaumwa. Susi na Chuma, watumishi wake, walikuwa naye miaka yote hiyo, na hakuna gazeti lililotuma mtu kuwatafuta wao. Kupotea kwake kulikuwa habari New York na London, mahali ambapo barua zake hazikufika. Ujiji haikuwa habari hata kidogo. Kwa hiyo kabla hujaandika neno, chukua karatasi uandike: jambo hili nani tayari analijua, na nani hajui lakini lingemgusa? Aliyekwisha kujua humwambii. Unamtafuta wa pili.

Halafu usikilize, na daftari mkononi.

Hapa Kigoma tuna bahati ambayo wenzetu wa Dodoma hawana. Ukikaa ufukweni usiku na redio ndogo, hunasa ya nyumbani na ya ng'ambo pia. Ongeza simu, unapata dunia nzima kwa Kiswahili: BBC wapo tangu 1957, Wachina tangu 1961, Wajerumani wa DW tangu 1963, Wafaransa wa RFI walianza 2010. Kule Congo kuna Redio Okapi, iliyoanzishwa 2002 na ujumbe wa Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Uswisi la Hirondelle, nayo ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Wengi wetu hudanganyika hapo. Tunasikia Kiswahili tunadhani meza ni moja. Lugha ni ile ile, lakini anayelipa umeme wa studio si yule yule, na anayekaa Bonn akipanga taarifa ya usiku anafikiria pia yaliyotokea Berlin asubuhi.

Chora mistari minne kwenye daftari. Wa kwanza: kituo. Wa pili: habari iliyotangulia. Wa tatu: sauti ya kwanza kusikika ni ya nani, waziri, mtaalamu, askari, au mama wa sokoni. Wa nne ndio mgumu: kitu gani unachokijua wewe hakikutajwa. Fanya hivyo siku saba kwa vituo vitatu. Mstari wa tatu peke yake utakufundisha zaidi ya semina yoyote niliyowahi kulipwa posho kuhudhuria.

Wasomi wana orodha yao. Wanorwe wawili, Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge, walichapisha utafiti mwaka 1965 wakitazama magazeti ya Norway yalivyoandika migogoro mitatu ya nje: Congo, Cuba na Cyprus. Ndiyo, Congo hii tunayoiona milima yake anga likiwa safi. Walichambua sababu 12 zinazofanya tukio la mbali liwe habari. Nchi iwe kubwa, mtu awe mkubwa, jambo liwe baya, lieleweke haraka, lifanane na kile msomaji alichotarajia tayari, na kadhalika. Orodha ni nzuri, sina ugomvi nayo. Ila mwaka huo huo wa 1965, mwezi Aprili, mwanamapinduzi Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma usiku kwenda Congo kupigana, na Novemba akarudi hapa hapa ameshindwa. Mtu mkubwa, vita, Cuba na Congo ndani ya boti moja! Magazeti ya dunia yalikuwa yanaulizana Che yuko wapi, wakati stori imelala Kigoma. Sababu ya 13 ambayo mimi huwaongezea Wanorwe ni nyepesi: lazima awepo mtu wa kusema, na aruhusiwe kusema.

Meza ya Dar es Salaam

Nitakaa hapa kidogo, maana ndiyo inayotulisha. Katika vyombo vyetu vingi habari ya mkoani ina mwenyewe, na mwenyewe ni cheo. Fungua ukurasa wa mikoani uhesabu vitenzi: amewataka, ameagiza, amesisitiza, ametoa wito. Daraja likikatika, habari ni kwamba mkuu wa wilaya amewataka wananchi wawe na subira.

Vijana husema ni woga. Woga upo, na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 haikumpunguzia mhariri usingizi wa mang'amung'amu. Lakini kuna jambo la kawaida zaidi: nauli. Kiongozi ana gari, na gari lina nafasi ya waandishi. Kwenda mwenyewe mpaka Kagunga au Kalya kwa boti, kulala huko, kurudi, unalipa mfukoni, halafu unalipwa kwa stori iliyotoka tu. Kwa hesabu hiyo habari inakaa inapofika gari la serikali. Anayelaumu waandishi kwa "habari za mgeni rasmi" bila kutaja nauli hajawahi kupanda boti ya kwenda Kalya.

Njia yangu ni hii. Sigombani na mhariri, namtafutia kiongozi wa karibu zaidi na tukio. Siku ile ya Kibirizi nilirudi kesho yake nikamkuta mwenyekiti wa mtaa amesimama ndani ya maji, suruali imekunjwa, anahesabu nyumba kwa kalamu kwenye kiganja. Mwenyekiti wa mtaa ni kiongozi! Nikamweka aya ya kwanza na hesabu yake, mama wa dagaa nikamweka ya pili. Ikatoka. Mama walimkata akabaki sentensi moja, lakini alibaki. Wengine wa kuwakumbuka ni afisa uvuvi, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo. Hao wana takwimu za pale pale, na mara nyingi hakuna aliyewahi kuwauliza.

Meza za ng'ambo ya ziwa

Jirani hataki maelezo ya ziwa, analo. Anataka njia, bei na usalama. Ukimwandikia mwenzako wa Rumonge, Burundi, "Ziwa Tanganyika, ambalo ni la pili kwa kina duniani", atacheka mpaka asubuhi.

Ila kwa jirani kuna swali jingine la kuuliza kwanza, tena kwa mdomo kabla ya kutuma chochote: "Hii unaweza kuitangaza?" Mei 2015, baada ya jaribio la mapinduzi Burundi, redio kadhaa binafsi za Bujumbura zilishambuliwa na kunyamaza. Mwezi huo huo makumi ya maelfu ya Warundi walikuwa wamejazana kijiji cha Kagunga, mlima nyuma, maji mbele, barabara hakuna, kipindupindu kimeingia. Habari ya Burundi ilikuwa inatufikia kwa miguu ya watu, si kwa mawimbi. Meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma mjini. Siku za mwanzo nilipiga simu meza tatu kuhusu Kagunga, na zote ziliniuliza ni watu wangapi. Kipindupindu kilipothibitishwa, zikaanza kunipigia zenyewe. Sikulifurahia hilo wakati ule na silifurahii leo, lakini ujue ndivyo kizingiti kilivyo: idadi, au ugonjwa wenye jina.

Mei 2018 Burundi ilisimamisha BBC na Sauti ya Amerika. Januari 2025 Kinshasa iliwafutia Al Jazeera vibali baada ya mahojiano na kiongozi wa waasi wa M23. Mahojiano yale yale, Doha kwenye makao ya Al Jazeera ni kazi nzuri, Kinshasa ni kosa. Kwa hiyo usimwekee mwenzako jina lake kwenye stori yako kwa kumheshimu. Heshima ya namna hiyo inaweza kumlaza ndani.

Meza za Ulaya na Marekani

Mkoa wetu una watu zaidi ya milioni 2.4, lakini kwa meza hizi una milango minne: sokwe wa Gombe, wakimbizi, Livingstone na Liemba. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe hao, alipofariki Oktoba 2025, simu yangu iliita kuliko ilivyoita mwaka mzima. Liemba ni mlango wa Wajerumani zaidi. Ilijengwa Papenburg mwaka 1913 ikiitwa Graf von Goetzen, ikazamishwa kwenye vita mwaka 1916, ikaibuliwa 1924. Kwao ni mzimu wa historia. Kwa abiria wa Lagosa ilikuwa usafiri wa kupeleka chikichi na mgonjwa. Unaweza kulalamika kuhusu milango hiyo, au unaweza kuingia nayo ukatokea chumba kingine. Mimi nimeandika bei ya nauli za mwambao kwa kupitia Liemba mara tatu.

Jambo ambalo lilinichukua muda kujifunza ni la uraia. Mara moja nilituma stori ya ujambazi barabara ya Kasulu, nikaanza, kama tunavyoanza sote hapa: "Raia wawili wa Burundi wanashikiliwa..." Mhariri wa Kijerumani akanirudishia na swali: uraia wao unahusianaje na kosa? Nikakasirika. Kumbe kanuni za Baraza la Habari la kwao zinataka asili ya mtuhumiwa itajwe pale tu umma una sababu ya msingi ya kuijua, na majina kamili ya watuhumiwa kwa kawaida hufichwa. Mwingereza naye, mtu akishakamatwa, anatazama sheria ya 1981 ya kudharau mahakama, asije akaharibu kesi. Mmarekani angetaka jina, picha na hati ya mashtaka siku hiyo hiyo. Nikakaa nikafikiri kuhusu swali la yule Mjerumani, na kusema kweli sikuwa na jibu. Hawakuiba kwa sababu ya pasipoti. Tangu hapo siandiki uraia aya ya kwanza, hata ninapoiandikia meza ya Dar es Salaam, na wahariri wangu wa Dar huurudisha wenyewe kwenye kichwa cha habari. Tumezoeana.

Tuishike moja mkononi

Mei 2024 serikali ilipumzisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 hadi katikati ya Agosti, kwa makubaliano ya nchi zinazochangia ziwa, samaki wazaliane. Nilitengeneza milango minne jioni moja, mezani kwangu mtaa wa Mwanga, umeme ukikatika mara mbili.

Dar es Salaam: "Serikali imepumzisha shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu ili kuruhusu samaki kuzaliana, huku wavuvi wakitakiwa kufuata utaratibu." Kavu, lakini inapita.

Bujumbura: nilianza na bei ya ndagala na mukeke, sokoni kwao na kwetu. Angalia majina. Dagaa wetu kwao ni ndagala, na ukishuka Mpulungu, Zambia, ni kapenta. Migebuka yetu kwao ni mukeke. Ukituma "dagaa" Lusaka umeandika habari ya samaki wa watu wengine.

Ulaya: nilianza na joto. Mwaka 2003 watafiti walionyesha katika jarida la Nature kwamba maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, na virutubisho vinabaki kilindini visikofikiwa na chakula cha dagaa. Kwa hiyo ziwa linapungua samaki hata bila nyavu. Mhariri wa huko aliipenda kabla hajafika aya ya tatu.

Mlango wa nne ulikuwa wa redio ya hapa mkoani, ambako kila mtu alishajua ziwa limefungwa. Humwambii mtu wa Katonga kwamba ziwa limefungwa. Anaiona mitumbwi imepinduliwa mchangani na karabai zimening'inizwa ndani. Nikaenda kwa mama mmoja wa Kibirizi kuuliza asichojua mwenzake wa Mwandiga. Akaniambia, "Ziwa wamelipumzisha, lakini marejesho ya kikoba hayajapumzishwa. Kila Jumatano mwekahazina anakuja na daftari lake."

Hapo ndipo stori ilipokuwa. Nikaichukua sentensi hiyo nikaipanda katika matoleo yote manne, aya ya pili kila mahali, haijaguswa. Ndivyo ninavyofanya siku zote: mlango unabadilika kwa kila meza, lakini kuna kitu kimoja ndani ambacho hakihami. Tarehe haibadiliki, kiasi hakibadiliki, na maneno ya mtu hayabadiliki. Mhariri wa Ulaya aliniomba mama aseme kitu kuhusu tabianchi. Nilimjibu kwamba mama amesema kuhusu Jumatano.

Na ukimaliza, rudi mwaloni. Hii waandishi wengi hawaifanyi kwa sababu hailipwi. Stori ya Ulaya iliporuka, nilimpelekea yule mama kwenye simu, tukakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa tukasikiliza. Alipotajwa "muuza sardini wa Kigoma" akanitazama. "Sardini ndiyo nani?" Nikamweleza. Halafu ikaja bei, na hapo akashika mkono wangu. "Umewaambia debe. Mimi nilikwambia sado."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimeandika mwenyewe, usiku, umeme umekatika. Nikampigia mtayarishaji pale pale ili arekebishe kabla ya marudio ya jioni. Akauliza sado ni lita ngapi. Nikamgeukia mama.

"Mwambie nne," akasema, "ila ya kwangu ina kilele."